Uzi: Je, kuna timu ya kuizuia India katika kriketi ya ova 50 kuelekea Kombe la Dunia la 2027?

Mwanzisha uzi (Dodoma Mjini)

Mbukwenyi wanajukwaa. Wakubwa zangu shikamooni.

Tangu India ilipoichapa Afrika Kusini kwa wiketi tisa (yaani iliyafikia mikimbio, ndizo pointi za mchezo huu, huku mpigaji wake mmoja tu akiwa ametolewa) mjini Visakhapatnam, Desemba 6, 2025, na kutwaa mfululizo wa mechi tatu kwa 2–1, wapenzi wachache wa kriketi tuliopo hapa Dodoma hatuna mjadala mwingine. Swali ni kama katika mchezo huu wa ova 50 kwa kila timu (ova moja ni mipira sita) bado ipo timu ya kuisimamisha India, au wengine wote watakwenda Kombe la Dunia la 2027 kugombea nafasi ya pili. Wapo wanaosema mjadala umeshafungwa. Mimi naona haujafungwa, na nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa hiyo mwenye haraka aniwie radhi.

Kwanza tuwape haki yao. Katika Kombe la Dunia la 2023 walishinda mechi 10 mfululizo kabla ya fainali. Virat Kohli alifunga mikimbio 765, na Mohammed Shami akaangusha wiketi 24 (yaani akawatoa wapigaji 24) ingawa alicheza mechi saba tu. Machi 2025 walitwaa Kombe la Mabingwa huko Dubai bila kupoteza hata mechi moja, wakitumia warushaji wanne wa mpira wa kuzunguka, jambo ambalo timu nyingi haziwezi hata kulifikiria kwa sababu hazina warushaji wanne wa aina hiyo wa kiwango kinachofanana. Wapigaji wao ni wengi kiasi kwamba anayekaa benchi kwao angeanza karibu kila timu nyingine.

Sasa tuziangalie siku walizoanguka. Julai 2019, nusu fainali ya Manchester, New Zealand ilifunga mikimbio 239 tu, na India ikashindwa kwa mikimbio 18 baada ya wapigaji wake watatu wa mwanzo kutolewa kila mmoja akiwa na mkimbio mmoja. Novemba 19, 2023, fainali ya Ahmedabad, India ilitolewa yote kwa 240, na Australia ikayafikia ikiwa imepoteza wiketi nne tu. Agosti 2024 Sri Lanka iliwashinda 2–0 mjini Colombo, mechi moja ikiwa sare, na katika mechi ya pili Jeffrey Vandersay peke yake aliangusha wiketi sita kwa mikimbio 33. Siku zote hizo pichi (ule ukanda wa katikati ya uwanja unaorushiwa mpira) ilikuwa nzito, mpira haukuja vizuri kwenye gongo, na hakuna aliyefunga mikimbio 350.

Fainali ya Ahmedabad naomba niikalie zaidi, kwa maana ndiyo somo lenyewe. Rohit Sharma alianza kwa moto, akafikisha mikimbio 47 kwa mipira 31. Katika ova ya kumi akajaribu tena kuupiga juu mpira wa Glenn Maxwell wa Australia, ukapaa, na Travis Head, naye wa Australia, akakimbia kwa kurudi nyuma huku akiutazama ukimshukia begani, akajirusha na kuudaka. Kuanzia hapo uwanja wenye watu zaidi ya 90,000 ulinyamaza. India ilikaa mipira 97 mfululizo bila kupata hata mpira mmoja wa kuvuka mpaka, na katika ova zote 40 zilizobaki baada ya zile kumi za mwanzo, mipira iliyovuka mpaka ilikuwa minne tu. KL Rahul alihitaji mipira 107 kupata mikimbio 66. Nahodha Pat Cummins alirusha ova zake kumi bila kuruhusu hata mpira mmoja uvuke mpaka.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu kwa karibu: katika ova kumi za mwanzo anayelinda anaruhusiwa kuweka watu wawili tu nje ya duara la ndani, kwa hiyo mipira ya kuvuka mpaka hupatikana kwa urahisi zaidi. Kuanzia ova ya 11 hadi ya 40 anaruhusiwa wanne. Hizo ova 30 za katikati ndizo zinazoijenga India, na ni hizo hizo zinazoibomoa inapokutana na timu yenye subira ya kuzifunga, yaani kuibana isipate mikimbio. Hoja yangu ni kwamba atakayeiangusha 2027 atakuwa yule atakayezifunga ova hizo, hata kama wapigaji wake ni wa kawaida.

Nawasilisha.

Mzee wa Uhindini

Marahaba kijana. Uzi umepangwa vizuri, ila hitimisho lako silikubali.

Unataka tuamini kwamba timu kubwa hufungwa kwa kubanwa tu. Mimi nimeufuatilia mchezo huu tangu enzi za kusikiliza redio, na siku niliyoiona timu kubwa kuliko zote ikifungwa, haikubanwa hata kidogo. Ilikuwa Johannesburg, Machi 12, 2006. Australia, mabingwa wa dunia wa 1999 na 2003, walifunga 434 kwa wiketi nne, idadi ambayo hakuna timu iliyokuwa imewahi kuifikia katika mchezo wa siku moja. Mtu mwenye akili timamu angezima televisheni. Herschelle Gibbs akafunga 175 kwa mipira 111, na Afrika Kusini ikafika 438 kwa wiketi tisa, ukiwa umebaki mpira mmoja. Hapo nani alimbana nani?

Tena huna haja ya kwenda mbali. Katika mfululizo huo huo uliouanzia, India ilifunga 358 mjini Raipur, Kohli na Gaikwad wakiwa na mia kila mmoja, na Afrika Kusini ikayafikia. Markram alifunga 110. Kwa hiyo njia ya nguvu ipo, na kwa maoni yangu ndiyo ya uhakika zaidi, kwa sababu pichi nzito huwezi kuiagiza dukani. Unaikuta uwanjani au huikuti.

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, nashukuru kwa mchango. Mechi ya Johannesburg haina mpinzani kwa uzuri wake, lakini tuitazame kama hoja. Ni mara ngapi imetokea? Raipur ilikuwa mechi ya pili kati ya tatu, na mfululizo ukaisha mikononi mwa India. Njia inayompa mnyonge ushindi mara moja na kumrudisha nyumbani mikono mitupu siwezi kuiita njia ya uhakika.

Mchangiaji wa Chang'ombe

Wakuu, mimi ni mgeni kidogo kwenye kriketi, nilianza kufuatilia nikiwa chuoni. Naomba kuuliza: je, yote haya hayaamuliwi na kura ya sarafu? Ile fainali ya 2023 nasikia umande wa usiku uliwasaidia Australia waliopiga wa pili, na wao ndio walioshinda kura wakachagua kuanza kurusha.

Mwanzisha uzi

Swali zuri. Ni kweli umande ulifanya mpira uteleze usiku na kupiga kukawa rahisi, na ni kweli uamuzi wa Cummins uliwashangaza wengi, kwa sababu katika fainali wengi hupenda kutangulia kupiga. Hata hivyo, kuanzia fainali hiyo India ilipoteza kura ya sarafu mara 20 mfululizo katika mechi za ova 50, hadi ilipoishinda Visakhapatnam. Kombe la Mabingwa la 2025 walilitwaa wakiwa wamepoteza kura katika kila mechi. Kura ingekuwa ndiyo inayoamua, leo tusingekuwa na uzi huu.

Binti wa Kondoa

Samahani kaka zangu na mzee wetu, mnazungumza kana kwamba kriketi ya siku moja ina timu moja tu iliyowahi kutawala. Timu ya wanawake ya Australia iliwahi kushinda mechi 26 mfululizo za ova 50, kuanzia 2018 hadi Septemba 2021, na aliyekuja kuikatiza ni India. Halafu Oktoba 30, 2025, nusu fainali ya Kombe la Dunia la wanawake, Australia hiyo hiyo ilifunga 338. Katika Kombe la Dunia la wanawake hakuna aliyekuwa amewahi kuyafikia mikimbio mengi kiasi hicho akipiga wa pili. India ikamaliza na 341 kwa wiketi tano, Jemimah Rodrigues akiwa na 127 bila kutolewa, kisha wakaifunga Afrika Kusini kwenye fainali.

Mwanzisha uzi, hapo ova za katikati hazikufungwa na mtu. Ila nilichokiona mimi si nguvu pia, kama anavyosema mzee. Rodrigues alipokuwa na mikimbio 82 aliupiga mpira juu, nahodha Alyssa Healy, ambaye ndiye mlinda wiketi, akawa chini yake na muda wa kutosha, na mpira ukamponyoka kwenye glavu. Timu iliyozoea kushinda haijazoea kukimbizwa. Ikifika ova ya 35 na mpinzani bado yupo, mikono inaanza kuwa mizito, nahodha anawahamisha wadakaji kila mpira, na warushaji wanaanza kujaribu mambo ambayo hawakuyapanga. Katika mjadala wenu wa pichi na ova nawaomba mliweke na hili, kwa sababu timu nyingi hupoteza mbele ya wababe zikiwa bado na wiketi sita mkononi, kwa vile zimekwisha kukubali kushindwa.

Mzee wa Uhindini

Binti yangu, hapo umenena. Hata India ya 1983 ilitetea mikimbio 183 tu kwenye uwanja wa Lord's, London, katika fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya West Indies waliokuwa mabingwa mara mbili, 1975 na 1979, na ikawatoa kwa 140. Viv Richards alikuwa anapiga kama mtu mwenye miadi mahali, hadi Kapil Dev alipokimbia na kumdaka akiwa na 33. Kama siku ile India wangekubali hesabu za watu, wasingeingia hata uwanjani baada ya chakula cha mchana.

Mwanzisha uzi

Mzee, nadhani umenipigia mpira wangu. Kutetea 183 ni kubana au ni nguvu?

Mzee wa Uhindini

Kijana, heshima mbele. Nilikuwa namjibu binti.

Mtu wa Nkuhungu

Ndugu zangu, mnazunguka sana. Yanga walicheza mechi 49 za ligi bila kufungwa, wakaenda Mbarali Novemba 29, 2022, wakafungwa na Ihefu 2–1. Mwisho wa msimu ubingwa ulikuwa wa nani? Wa Yanga. Ndivyo na India. Kuifunga inawezekana, kuivua ubingwa ni habari nyingine.

Mwanzisha uzi

Mfano wako ni wa kweli, lakini unanisaidia mimi kuliko unavyokusaidia wewe. Ligi ni mechi 30, na aliyefungwa Mbarali ana nafasi ya kurekebisha kila wikendi. Kombe la Dunia la 2027 litakuwa na timu 14, makundi mawili ya timu saba saba, timu tatu za kila kundi zitaingia hatua ya sita bora, halafu nusu fainali na fainali. Kuanzia nusu fainali, ukikutana na Ihefu wako umekwisha. India ya 2023 ilikuwa timu bora ya mashindano yale kwa kila kipimo ninachokijua, na medali ya dhahabu ilikwenda Australia.

Kinyume chake pia kipo, na nakileta mwenyewe kabla mzee hajakileta. Februari 2007 Australia ilifungwa mechi tano mfululizo: mbili na England katika fainali za nyumbani kwao, tatu na New Zealand, ambako ilifunga 336 Auckland na 346 Hamilton na bado ikafungwa zote mbili. Mwezi uliofuata ikaenda West Indies na kutwaa Kombe la Dunia kwa kushinda mechi zote 11. Kwa hiyo mwenye kusema India imepatikana kwa sababu Oktoba 2025 ilifungwa 2–1 huko Australia, aende polepole. Mfululizo wa mechi mbili tatu katikati ya mwaka hautuelezi mengi.

Mkulima wa Mpwapwa

Nimeusoma uzi wote nikisubiri mtu aguse jambo moja, na sijaliona. Kombe lijalo halichezwi Ahmedabad wala Dubai. Linachezwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Sisi watu wa nyanda za kati tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa maana yake, kwa sababu tunaishi juu kidogo, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Johannesburg iko juu zaidi, kama mita 1,700 na ushei. Huko hewa ni nyepesi, mpira uliopigwa vizuri unakwenda mbali, na pichi ya Wanderers, uwanja wa huko, ni ngumu, inaurusha mpira hadi kifuani. Ova za katikati huwezi kuzifunga pale kwa mipira ya polepole. Hapo namuunga mkono mzee.

Lakini teremkeni hadi Paarl, karibu na Cape Town, mtakuta nchi nyingine. Januari 2022 Afrika Kusini iliifunga India 3–0, mechi mbili zikichezwa Paarl kwenye pichi kavu na ya taratibu, na warushaji wa mpira wa kuzunguka wa Afrika Kusini wakawafunga mikono wapigaji wa India ambao kwa kawaida huila mipira hiyo. Kwa upande mwingine, mwaka 2018 India ilishinda 5–1 katika nchi hiyo hiyo, Kuldeep Yadav na Yuzvendra Chahal wakiangusha wiketi 33 kwa pamoja, na Desemba 2023 ilishinda 2–1. Kwa hiyo swali la nani atashinda linategemea sana ratiba itaipeleka India uwanja gani katika hatua za mwisho. Sijaona mchambuzi yeyote anayelipa jambo hili uzito unaostahili.

Jambo la pili ni kanuni. Tangu katikati ya 2025, mechi ya ova 50 inaanza na mipira miwili mipya, mmoja kwa kila mwisho wa pichi, lakini baada ya ova ya 34 timu inayorusha inachagua mmoja wa kumalizia. Zamani kila mpira ulikuwa unafikisha ova 25 tu, bado mgumu, na wapigaji walikuwa wanaufurahia mwishoni. Sasa mpira utakaomalizia utakuwa umechakaa, unashikika vizuri vidoleni, na kwa mrushaji hodari unaanza kujipinda kinyume. Hili linawapa nafuu wabanaji, na linampa nafuu zaidi mwenye warushaji wazuri. Na mwenye warushaji wazuri kuliko wote, mwanzisha uzi, ni India yenyewe. Jasprit Bumrah akiwa mzima, kanuni hii ni zawadi kwake.

Mchangiaji wa Chang'ombe

Je, hizi timu ndogo hazina nafasi kabisa? Au tunajadili Australia, Afrika Kusini na New Zealand tu?

Mzee wa Uhindini

Mwanangu, nafasi ipo, ila tuiite kwa jina lake. Mwaka 1975, Kombe la Dunia la kwanza kabisa, ilikuwepo timu iliyoitwa Afrika Mashariki, yenye wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Ilifungwa mechi zote tatu, na India iliifunga bila kupoteza wiketi hata moja. Miaka 21 baadaye, Februari 29, 1996, Kenya ikaitoa West Indies kwa 93 mjini Pune, yenyewe ikiwa imefunga 166 tu. Mwaka 2003 Kenya ikaifunga Sri Lanka jijini Nairobi, Collins Obuya akiangusha wiketi tano, na ikafika nusu fainali, ambako India iliisimamisha. Mnyonge humfunga mbabe siku moja. Kumfunga nusu fainali ndiko kugumu.

Afghanistan ndiyo inayonipa mashaka ya kweli. Mwaka 2023 iliifunga England, Pakistan na Sri Lanka, na iliifikisha Australia kwenye wiketi saba kwa mikimbio 91 kabla Maxwell hajasimama karibu kwa mguu mmoja na kufunga 201. Siku ile mbabe aliokolewa na mtu mmoja aliyeshikwa na misuli.

Binti wa Kondoa

Na vijana wetu wa chini ya miaka 19 nao wamefuzu Kombe la Dunia la 2026 la umri wao, kwa mara ya kwanza katika historia ya Tanzania. Najua si mada, lakini lisipite kimya. Hapa kwetu kwenye vibanda vya mpira ukiomba wakuwekee kriketi hata kwa dakika kumi unatazamwa kama umeomba wazime jenereta.

Mzee wa Uhindini

Hongera kwao, binti. Sasa mwanzisha uzi, tuache historia. Umesema ova 30 za katikati zifungwe. Taja majina. Nani atazirusha? Maana hoja bila watu ni maneno.

Mwanzisha uzi

Nataja, mzee. Kwa Australia ni Adam Zampa, aliyeangusha wiketi 23 katika Kombe la 2023, akisaidiwa na ova chache za Maxwell wake mpya, yeyote atakayekuwa, kwa sababu Maxwell mwenyewe ameshastaafu mchezo wa ova 50. Pengo hilo ndilo linalonitia hofu upande wa Australia. Kwa New Zealand ni Mitchell Santner, ambaye mpira wake hauzunguki sana lakini hakupi nafasi ya kunyoosha mkono. Kwa Afrika Kusini ni Keshav Maharaj, na huyu nampa uzito zaidi, kwa kuwa atakuwa nyumbani, anazijua pichi za Paarl na Durban kama anavyoujua ua wa nyumba yake. Nikilazimishwa kuchagua timu moja ya kuiangusha India 2027, leo nachagua Afrika Kusini, kwa sharti kwamba mechi isichezwe Johannesburg.

Mzee wa Uhindini

Kwa Maharaj tumekubaliana. Kwa sharti lako, hapana. Mimi nataka mechi hiyo ichezwe Wanderers, India itangulie kupiga, ifunge 380, halafu tuone.

Mkulima wa Mpwapwa

Mzee, 380 mbele ya Bumrah na mpira uliochakaa hadi ova 33?

Mzee wa Uhindini

Ndiyo. Waliofikia 438 walikuwa na mpira mmoja tu mwanzo hadi mwisho, nao ulichakaa kuliko huo.